Kipenu, Banda la Uani na Kibanda cha Dago

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya vijumba vidogo: si majumba ya mawe wala ya ghorofa, bali vile vijumba vinavyozaliwa kando ya nyumba kubwa, na vile vinavyosimamishwa kwa msimu mmoja kisha vikavunjwa. Huenda mtu akauliza, Je, jambo dogo kama hili lafaa kufanyiwa mazungumzo? Mwulizeni sheha yeyote wa kisiwa hiki mashauri anayoletewa barazani kwake. Atawatajia ukuta uliosogea usiku, choo kilichochimbwa karibu na kisima cha mwenziwe, na paa lililoezekwa hata maji yake ya mvua yakawa yanamwagikia mlangoni pa jirani. Ndugu wa tumbo moja wamefikia kutosemezana kwa sababu ya chumba kimoja cha udongo.

Kwanza tufahamiane juu ya maneno. Kipenu ni chumba kilichoegemezwa ukutani mwa nyumba, paa lake limeshuka upande mmoja tu. Banda la uani limesimama peke yake nyuma ya nyumba. Zamani lilikuwa jiko, au mahali pa kuni na kuku. Sasa mara nyingi limetiwa mlango na kufuli, na ndani yake amelala kijana aliyeoa juzi, au mpangaji aletaye kodi kila mwezi. Kibanda cha dago ni cha wavuvi waliohama kufuata samaki, nacho hujengwa kwa miti na makuti, na siku hizi kwa turubai, pwani ya watu wengine. Kibanda cha wachumaji karafuu ni ndugu yake, ila hiki husimama shambani. Na siku hizi amezaliwa mdogo wao wa mwisho, yaani kontena la chuma, ambalo huletwa kwa gari, likatobolewa dirisha, likawa duka, na pengine likalaliwa na watu.

Tena tuangalie hesabu, maana wanafunzi wetu hupenda hesabu yenye haja. Pemba ina eneo la maili za mraba zipatazo 380. Mwaka 1948 watu wa Pemba walihesabiwa kiasi cha 114,000. Gawanyeni, mtapata watu 300 kwa kila maili ya mraba. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa 543,441. Gawanyeni tena, mtapata zaidi ya 1,400. Kisiwa hakikuongezeka hata pima moja. Toeni humo vilima vilivyo vikali, mabonde ya mpunga, mikoko na mashamba ya mikarafuu ambayo hakuna mwenye akili atakayeyakata, ndipo mtaona kwa nini uani pa watu pamejaa.

Desturi ya wazee wetu ilikuwa na njia yake. Mpemba hakuzoea kukaa katika kijiji kilichokusanyika kama vile vya pwani ya kusini ya Unguja. Alikaa katika kiambo, pamoja na watu wa ukoo wake, nyumba hii hapa na ile pale, na miti katikati. Kijana alipooa alionyeshwa mahali pa kusimamisha nguzo zake. Hakuandika barua kwa mtu, wala hakuchora ramani. Mzee alisimama, akatazama upande wa upepo, akatazama njia ya kisimani na makaburi, akasema, “Jenga hapa.” Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya ujenzi, nayo ilitosha kwa kuwa nafasi ilikuwapo na mzee alisikilizwa. Wengine husema kwamba zamani hapakuwa na kanuni. Si kweli. Kanuni zilikuwapo, ila zilikuwa kichwani mwa mzee mmoja, na alipokufa zilizikwa pamoja naye.

Lakini kulikuwa na kanuni nyingine, kubwa kuliko hiyo, na twataka kuikalia kidogo, maana ndiyo kiini cha magomvi. Katika sheria ya Waingereza, kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi: ukijenga nyumba katika kiwanja changu, nyumba yafuata kiwanja. Kwetu pwani sivyo ilivyokuwa. Kwetu ardhi ni kitu kimoja, na kilichosimama juu yake ni kitu kingine. Mtu huweza kuwa na mikarafuu katika shamba la mwingine, na huweza kuwa na nyumba juu ya kiwanja kisicho chake. Akihama, huchukua milango, boriti na mabati yake, akamwachia mwenye ardhi udongo wake. Ndiyo sababu mwenye shamba alimruhusu maskwota kupanda muhogo chini ya mikarafuu, lakini hakupenda kumwona akipanda mnazi: muhogo hung'olewa, bali mnazi ni dai la miaka mingi.

Desturi hiyo ilikuwa na heri na shari. Heri yake ni kwamba mtu asiye na ardhi aliweza kuwa na nyumba. Shari yake ilionekana mjini. Ng'ambo ya Unguja watu wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe, lakini viwanja vilikuwa vya wengine, na kila mwezi walidaiwa kodi ya kiwanja. Kodi ilipopanda wakakataa kulipa, na mgomo wao wa mwaka 1928 wakumbukwa hata leo. Mji wa Mombasa nao una mitaa iliyojengwa kwa mtindo huo huo wa nyumba bila ardhi, na mashauri yake hayajaisha. Tena mashambani Unguja, baada ya uchaguzi wa mwaka 1957, maskwota walifukuzwa na baadhi ya wenye mashamba kwa sababu ya siasa. Ndipo mtu alipotambua kwamba nyumba yake ni yake, lakini hana mahali pa kuisimamisha.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Serikali ilitangaza kwamba ardhi yote ni yake, na watu wengi wakagawiwa eka tatu tatu. Sheria ya mwaka 1992 juu ya umiliki wa ardhi iliendelea katika njia hiyo: ardhi ni ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Basi wengine wadhani ya kuwa ile desturi ya kutenga ardhi na jengo imekufa. Haikufa, imehamia uani.

Na tuseme hivi. Mzee mmoja ana nyumba ya vyumba vitatu, na ana wana watatu na binti wawili. Mwana wa kwanza ameoa, akajenga kipenu upande wa mashariki kwa fedha zake: mawe kanunua yeye, saruji kanunua yeye, fundi kalipa yeye. Mwana wa pili amejenga banda uani, akampangisha mwalimu mgeni. Wa tatu yuko Dar es Salaam, hana alichojenga, lakini alikuwa akimtumia baba yake fedha za chakula na dawa. Binti wameolewa. Mzee anakufa, na mirathi inafunguliwa. Je, kipenu ni cha nani? Mwana wa kwanza asema, “Ni changu, nimekijenga.” Dada zake wasema, “Umekiegemeza ukuta wa baba; uondoe ukuta wa baba tuone kama kitasimama.” Wa pili asema kwamba banda lake halikugusa ukuta wa mtu. Wa tatu auliza, “Na ua uliosimama humo banda, ulikuwa wa nani? Na ile kodi ya miaka sita, mbona hatukuiona?” Kila mmoja ana haki yake katika maneno yake, na hapo ndipo lilipo tatizo. Kadhi aweza kuligawa fungu la kila mrithi bila kukosea hata sehemu moja, maana hesabu ya mirathi imekwisha pangwa. Lakini hawezi kuligawa asilojua kama lilikuwa mali ya marehemu.

Shauri kama hili laweza kuzuiwa kwa karatasi moja. Kabla jiwe la kwanza halijalazwa, baba na mwana waandike mbele ya mashahidi wawili na sheha: kipenu hiki kimejengwa kwa fedha za fulani, ardhi ni ya fulani, baba akifariki, mjenzi atalipwa gharama yake au atakiacha kwa sharti kadha wa kadha. Tena binti wawepo wakati wa kuandika. Twasisitiza jambo hili la binti, kwa kuwa mara nyingi wao huitwa siku ya kugawana tu, nao hukuta mambo yamekwisha semwa. Wako watakaoona haya kuandikiana na baba yao, wakidhani ni kumtakia mauti. Sisi twaona kwamba haya hiyo ni ya siku moja, na ugomvi ni wa miaka arobaini.

Sasa tuingie katika kanuni za mji. Mwaka 1923 Bwana Lanchester, mtaalamu wa mipango ya miji kutoka Uingereza, alitoa kitabu chake juu ya mji wa Unguja. Baadaye, mwaka 1955, ikatungwa sheria ya mipango ya miji na vijiji, ambayo ilitumika miaka mingi hata baada ya Mapinduzi. Sheria za namna hii ni ngeni kwa watu wengi, na sababu yake yaeleweka: huwafikia wakati wa kubomolewa tu. Mtu huona alama nyekundu ya X ukutani mwake, ndipo anapojua kwamba kulikuwa na kanuni. Kwa wakati huu miji yetu ya Chake Chake, Wete na Mkoani ina mabaraza yake, na anayetaka kujenga yampasa kupata kibali. Mlango wa kwanza ni kwa sheha. Huko Madungu, Wete na Mkoani kuna majumba ya maendeleo ya ghorofa, ambamo mkazi hawezi kuongeza kipenu, maana ukuta wake ni ukuta wa watu wote. Kwa ajili ya makao ya namna hiyo, ambayo mtu ana chumba chake lakini ngazi na paa ni shirika, Zanzibar ilitunga sheria ya peke yake mwaka 2010.

Wengi huuliza, Kwa nini nihitaji kibali cha kuongeza chumba kimoja katika ua wangu mwenyewe? Jibu limo katika vitu vitatu: moto, maji machafu na njia. Moto hatuna haja ya kuueleza kwa watu wanaokaa chini ya makuti. Paa likigusana na paa, cheche moja yatosha mtaa mzima wakati wa kaskazi.

Maji machafu yataka maneno zaidi. Miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi sana katika Unguja, na tabibu mmoja, Dr. James Christie, aliyekuwa akikaa huko, aliandika kitabu mwaka 1876 juu ya safari ya ugonjwa huo katika Afrika ya Mashariki. Ugonjwa haukukoma kwa kuwa umeandikwa. Ulirudi mwaka 1978, na mara nyingi tangu hapo. Mwaka 2009 watu wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba walipewa chanjo yake. Lakini chanjo haiondoi shimo la choo lililo karibu na kisima. Nyumba moja yenye watu sita na choo kimoja yaweza kuwa salama. Iongezeeni kipenu na banda la uani, watu wakawa kumi na tano, choo ni kile kile, na kisima ni kile kile. Hakuna aliyefanya kosa kubwa. Kila mmoja ameongeza chumba kimoja tu. Ndiyo maana twasema kwamba afisa wa afya akija na kamba yake ya kupimia asitazamwe kama adui. Afadhali aulizwe mapema kuliko kuitwa baada ya mtoto kuharisha.

Na njia. Mafundi wa mipango husema kwa mita, na ni vizuri. Lakini sisi twapenda kipimo ambacho kila mtu akijua tangu utoto. Kichochoro kati ya nyumba na nyumba kiwe na upana wa kupitisha jeneza, na wachukuzi wawili wawili bega kwa bega, bila kuliinamisha. Tumeona mahali ambapo maiti hutolewa kwa kupitishwa ndani ya nyumba ya jirani, kwa sababu vipenu viwili vimekutana na kuifunga njia. Mahali ambapo jeneza halipiti, mgonjwa juu ya kitanda hapiti, wala gari la zimamoto halifiki karibu.

Haya yote ni habari ya vijumba vilivyosimama mahali pamoja. Lakini je, nyumba inayohama? Hapa Pemba hatuna budi kuwataja watu wa Kojani. Kisiwa chao ni kidogo, nyumba zimebanana kama dagaa kaangoni, nao ni mabingwa wa uvuvi ambao sifa zao zimefika mbali. Wakojani hufuata samaki na majira ya pepo: huenda dago Unguja, Tanga, na pwani ya Kenya. Huko hujenga vibanda vyao ufukoni, wakakaa miezi, kisha wakarudi. Mgeni mwenye adabu hakujengi tu. Huenda kwanza kwa mzee wa mahali, na siku hizi kwa sheha na kamati ya wavuvi, akaeleza ni watu wangapi, wana nyavu gani, na watakaa hata lini. Hiyo ni kanuni nzuri sana, na twaona kwamba walioiweka hawakuwa nyuma ya mafundi wa mipango wa nchi yo yote. Yenye kupungua ni choo na maji safi, kwa kuwa mwenyeji husema, “Hawa watapita,” na mgeni husema, “Sisi twapita.” Mwaka wa pili wamerudi, mwaka wa tatu wamerudi, na mwaka wa kumi pana mtaa pasipo choo hata kimoja.

Tena kupita kwenyewe si lazima kuwe kupita. Wapemba waliokwenda pwani ya Kenya, Kwale na Kilifi, wengine kwa uvuvi na wengine kwa misukosuko ya wakati wa Mapinduzi, walizaa watoto na wajukuu huko. Kwa miaka mingi watu hao hawakuwa na kitambulisho; hawakuweza kusajili ardhi, na hata chombo cha kuvulia kilikuwa taabu kukipatia leseni. Mwaka 2023 ndipo Serikali ya Kenya ilipowatambua kuwa raia. Tafakarini: kibanda cha makuti kimesimama zaidi ya nusu karne, na mwenyewe bado alikuwa akihesabiwa kuwa yuko dago.

Watu wengine hudhani kwamba mambo haya ni ya nchi maskini. Katika Marekani ziko nyumba zilizotengenezwa kiwandani, ambazo hukokotwa barabarani kwa magurudumu hata mahali pake. Tangu mwaka 1976 Serikali yao kuu imeweka kipimo kimoja cha namna zinavyopasa kuundwa, ili zisishike moto upesi wala kupeperushwa na upepo. Lakini wengi wa wenye nyumba hizo hawana kiwanja: nyumba ni yao, na ardhi ni ya mwingine, naye huwadai kodi ya kiwanja kila mwezi. Kodi ikipanda, magurudumu hayawasaidii, maana gharama ya kuihamisha nyumba ni kubwa mno, tena ikizeeka yaweza kuvunjika njiani. Mtu wa Ng'ambo wa mwaka 1928 angeyaelewa malalamiko yao bila mkalimani. Na katika jimbo la California miji mingi ilikuwa imewazuia watu kujenga kijumba cha pili uani. Makao yalipokuwa haba na kodi ikapanda, jimbo likatunga sheria mwaka 2016 za kuilazimisha miji ilegeze masharti yake, ili mwenye nyumba apewe kibali cha kijumba chake pasipo masharti ya kumchosha. Huko walianza kwa kukataza, wakaishia kwa kuruhusu. Sisi tulianza kwa kuruhusu, na sasa twatafuta mpaka wa kuruhusu huko. Huenda tukakutana katikati.

Kwa hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba mabanda ya uani yapigwe marufuku mijini kwa kuwa yaharibu sura ya mji. Yakipigwa marufuku, yule mwalimu mgeni atalala wapi? Na mjane mwenye kula kodi ya chumba kimoja, atakula nini? Wala hatukubaliani na wale wasemao, “Ua wangu, shauri langu.” Tungependa kuona mabaraza yetu yakiweka kibali chepesi kwa ajili ya chumba kimoja cha nyongeza, chenye karatasi moja na ada ndogo, kikitazama mambo matatu tuliyoyataja na si zaidi. Kibali kikiwa kigumu kama cha kujenga ghorofa, watu watajenga usiku, kama wanavyofanya. Na kwa vibanda vya dago na vya wachumaji karafuu, sharti la kwanza liwe choo, kabla ya paa: mwenye shamba anayewaita wachumaji thelathini na asichimbe shimo hata moja asipewe visingizio kwamba ni watu wa msimu.

Wanafunzi mnaotusikiliza, kesho kabla ya kwenda chuoni chukueni kamba, mpime mambo mawili nyumbani kwenu: upana wa kichochoro pale kilipo chembamba kabisa, na hatua kutoka kisimani hata choo kilicho karibu, kiwe chenu au cha jirani. Andikeni hesabu hizo katika daftari, na jina la mtaa, mkampe mwalimu wenu; naye azipange ubaoni, mtaa kwa mtaa, kisha amwalike sheha aje azisome.